Ngogo Hashikwi na Mwingine

Mtoni tulikuwa na mwanamke mmoja ambaye ukisikia plaizi inagonga ubao uani kwake, ulijua lori la Rufiji limeshapita barabara ya Kilwa na ngogo wameshashuka. Tulimwita Balozi. Ndiye aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi, na jina alilopewa na wazazi wake sikuwahi kulisikia kinywani mwa mtu. Hata mumewe alipokuwa hai alimwita Balozi, tena kwa adabu. Kwao ni hukohuko Rufiji, kando ya mto. Zaidi ya hapo hakusema na mie sikumchimba. Nitasimulia niliyoyaona, na mengi niliyaona nikiwa nimenuna, maana bibi yule alinikera kwa miaka.

Alinikera kwa jambo moja tu. Wanawake wa nyumba zetu kumi alitufundisha kushika kila samaki wa maji baridi: perege, kambare, kitoga, mpaka yule wa meno ambaye wanaume walimkalia mbali. Lakini ngogo hakumpa mtu. Ngogo alimshika mwenyewe, na kama hayupo, ngogo hakushikwa. Mie nilitaka kumshika. Sikutaka kingine kwake, si unga, si sukari, wala upendeleo kwenye foleni ya duka la ushirika. Nilitaka aniachie gunia na ile plaizi siku moja, aseme haya, tengeneza wewe. Hakusema.

Asiyemjua ngogo atashangaa ugomvi wenyewe. Ni samaki wa kukaa kiganjani, hana magamba, ana sharubu, na ukimtoa majini anakoroma kama mtu aliyeamshwa vibaya. Mchuzi wake wa nazi ukiuonja unanyamaza. Ila ana miiba mitatu: mmoja mgongoni, na mmoja kila ubavu, nyuma kidogo ya kichwa, na miiba hiyo ina meno ya msumeno. Akishtuka anaisimamisha yote na kuifunga, na akifa hivyo inabaki imesimama. Ukimdaka kijinga unatobolewa, ukivuta mkono unachanika, na jeraha linakuuma mpaka kwapani. Balozi alikuwa na usemi wake juu ya hilo. "Ngogo akifa hajakusamehe," alituambia, kila lori lilipokuja, hata sie tuliokwisha kulichoka neno lenyewe.

Mie ni mtoto wa Lindi. Nimekulia kwenye changu, tasi na kibua, na nilipoletwa Mtoni kuolewa, Azimio la Arusha likiwa bado bichi na redio zote zikihubiri kujitegemea, nilijiona najua samaki kuliko mtu yeyote wa mtaa ule. Mume wangu alikuwa kiwanda cha nguo. Siku moja akaja na kambare kutoka bonde la Kizinga, mnene, kafungwa kwenye gunia lililolowa. Nikamtia kwenye beseni, nikageuka kuchochea moto. Sasa, samaki niliowajua mie walikuwa wanafika jikoni wameshakufa. Hayati huyu akatoka kwenye beseni, akajikokota kuvuka ua, akaelekea mlango wa uani kama mgeni aliyekumbuka kwao. Nikamrukia, nikamkandamiza kwa kiganja, nikatia kidole shavuni kama tufanyavyo sie wa baharini. Kelele niliyopiga waliisikia mpaka barabarani.

Aliyeingia wa kwanza ni Balozi. Nilikuwa sijamfahamu vizuri, nikamwamkia shikamoo huku nalia. Akaitikia marahaba bila kunitazama; alikuwa anamtazama kambare. Akachota majivu jikoni kwangu, akajipaka mikono yote miwili, akamfunika kambare na gunia lake mwenyewe, akampiga kichwani na mchi, mara moja, akangoja atulie. Ndipo akashika mkono wangu na kuutia kwenye maji ya moto, ya kuvumilika, na kuniambia niuache humo mpaka maumivu yapungue, kisha niuoshe kwa sabuni kama ninayo, kisha niende zahanati nikachomwe sindano ya pepopunda, leo, nisiseme kesho. Sabuni sikuwa nayo. Ilikuwa imeadimika mtaa mzima. Alikwenda kwake akaleta kipande kilichobaki, akasimama mpaka nikakitumia.

Niliporudi kutoka zahanati nikamkuta bado yupo, kambare hajakatwa. Kumbe alikuwa ananingoja. Akanishikisha palepale, na mkono umefungwa bendeji: kiganja juu ya shingo, dole gumba nyuma ya mwiba wa huku, kidole cha kati nyuma ya mwiba wa kule, ukisukuma mbele kuelekea kichwani, hapo hana la kukufanya. Usimshike bila majivu, atakuponyoka, na mkono unaoteleza ndio unaokwenda kwenye mwiba. Alisema kila kitu kwa sauti ya kusoma tangazo. Mume wangu alisimama mlangoni anacheka kimyakimya, nami nilikuwa na hasira naye kuliko na samaki.

Hivyo ndivyo alivyotufundisha sote, mmoja mmoja, kila mtu kwa jeraha lake. Wageni walizidi kuja Mtoni miaka ile, Wamakonde, Wangoni, Wahehe, watu wa pwani na wa bara, na kila mmoja alikuwa na samaki wa kwao aliyejua kumshika na wa wenzie asiyemjua. Balozi alijua ni nani atakosea nini. Wa pwani alituambia tusiingize kidole shavuni. Wa bara aliwaambia wasimdake perege kutoka mkiani kurudi kichwani; mkono utoke kichwani uende mkiani ukiulaza mgongo, na miiba yake inalala nao. Miiba iliyokatwa aliitaka yote, ikusanywe kwenye kopo na kutupwa chooni, kwa sababu nusu ya watoto wa mtaa hawakuwa na viatu. Ukimwambia umeshatupa, anauliza umetupa wapi, halafu anakwenda kuangalia.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mbishi, mwenye makuu, na akikosana na mtu alikosana kwelikweli. Kulikuwa na mchuuzi mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa akileta samaki kutoka feri kwa baiskeli. Bwana huyo alijinadi kwamba hakuna samaki asiyemjua. Siku lori liliposhusha yule wa meno, mrefu, ana mistari ubavuni na meno yanaonekana hata mdomo ukifungwa, Balozi akaanza kwa kumfunga mdomo kwa ukindu, huku samaki amekwisha kufa. Mchuuzi akacheka mbele ya watu, akasema maiti haifungwi mdomo ila ya binadamu. Akamfungua, akamwingizia vidole viwili kinywani ili amnyanyue kama wanavyonyanyua nguru. Taya za samaki yule ukizipanua zinajirudi zenyewe. Mchuuzi alipiga magoti pale mavumbini, na Balozi, badala ya kumsaidia haraka, akamwuliza kwanza kama bado anacheka. Ndipo akabana taya kwa pembeni, akampenyezea kijiti, akamtoa vidole.

Sote tulisema alikuwa na haki kwa samaki na hakuwa na haki kwa mtu. Mchuuzi aliacha kumsalimu, naye akaacha kununua kwake, na miaka ikapita hivyohivyo, wakikutana njiani kila mmoja anatazama paa za nyumba. Nilimwambia Balozi kwamba yeye ndiye mkubwa, aanze. Akanijibu kuwa ukubwa wake ni wa nyumba kumi na nyumba ya mchuuzi ni ya kumi na moja.

Na huyohuyo asiyeweza kupatana na mtu mmoja ndiye aliyekuwa bingwa wa kupatanisha wengine. Kesi za nyumba zetu alizisikilizia uani, akiwa na kisu. Waliogombana aliwapa kambare mmoja mkubwa, aliyekwisha kupigwa lakini bado anapapatika, mmoja ashike kichwani na mwingine mkiani, yeye akae katikati anakata huku anauliza maswali. Wa mkiani akilegeza kwa hasira, samaki anajipinda na wa kichwani ndiye anayechomwa. Basi hata uwe umefura vipi unalazimika kumwangalia mwenzio mikono. Nakumbuka fundi seremala mmoja na mkewe, walikuja hawatazamani, mke ameshafunga mizigo ya kurudi kwao Songea. Kesi ilipofika nusu nikamsikia mke anasema, "Bana vizuri wee, utaniumiza," na mume akajibu, "Nimebana, mama." Balozi akaendelea kukata kama hakusikia. Mizigo ilifunguliwa jioni ileile, na samaki wakapewa wao.

Kuna kitu kimoja kilichonifurahisha sana juu yake, nacho nilikitunza kwa siku nitakazozidiwa. Mwanamke yule asiyemwogopa kambare wa kilo ngapi sijui aliogopa pweza. Ndugu zangu waliniletea pweza kutoka Lindi, mkavu, amekwisha kupigwa na kuanikwa, nikampelekea Balozi kipande kwa heshima. Alipofunua sahani akaona vile vikombe vya mikononi, akasimama na kigoda chake. Akasema kitu kisicho na mfupa hakina nia njema. Basi kila aliponibana juu ya ngogo, mie nilimwuliza kama leo nimletee mchuzi wa pweza. Alinitazama vibaya, halafu tabasamu likamponyoka, akalifunika na upande wa khanga.

Tena sindano. Alitusukuma sote zahanati, lakini yeye mwenyewe alipochomwa alijiponya kwa maji ya moto na ubishi. Muuguzi alipopita mtaani kuchanja, Balozi alisimamia foleni, akawapanga watu, akawakemea waoga, na ilipofika zamu yake akakumbuka mkutano wa tawi. Nilimfuata, nikamrudisha kwa mkono. Hakuniongelesha kwa siku kadhaa, lakini alichomwa.

Sasa nirudi kwa ngogo. Kwa ngogo alikuwa na namna yake, na nimeitazama mara nyingi hata naweza kuichora. Gunia la katani lililolowa, limekunjwa mara mbili. Samaki analazwa juu yake kwa ubavu, gunia linarudishwa juu yake, kichwa tu kinabaki nje. Mkono wa kushoto unakuja kwa chini, upande wa tumbo, mwiba wa ubavuni unapita katikati ya vidole viwili bila kuguswa. Mkono wa kulia unabana plaizi kwenye mzizi wa mwiba wa mgongoni, unauzungusha kidogo, kra. Kisha wa huku, kisha wa kule. Kamwe hakuanza na wa ubavuni. Alifanya haraka, na kila mwiba ulipovunjika aliutaja, mmoja, wa pili, wa tatu, ndipo anamsukuma samaki kwetu tumtoe utumbo. Sie kazi yetu ilikuwa kutoa utumbo. Watu wazima, wenye watoto, tumekaa mstari tunangoja tusukumiwe.

Niliomba kwa heshima, akakataa. Niliomba kwa utani, akakataa. Nilijaribu kununua ngogo wangu mwenyewe na kujifungia nao jikoni. Harufu ikamfikia, au sauti yao, akaingia bila hodi akalichukua bakuli lote kwenda kwake, akalirudisha samaki wakiwa hawana miiba. Wanawake wenzangu walisema bibi yule anataka ahitajiwe, kwamba ngogo ndio usultani wake. Na mie nilisema hivyohivyo, tena kwa sauti kuliko wote.

Mambo yalikuja kuiva siku ya hitima ya arobaini ya mzee wa nyumba ya jirani, mwenyeji wa Rufiji. Ndugu zake walileta karai zima la ngogo, kwa sababu marehemu alikuwa akiwapenda na walitaka watu wamkumbuke kwa chakula chake. Ilikuwa miaka ile baada ya vita, mafuta hakuna, mchele wa kutafutana, na karai lile lilikuwa heshima kubwa. Balozi alikuwa ameitwa mkutano wa tawi tangu asubuhi. Tukakaa tunalitazama karai. Jua likapanda. Nikaifuata plaizi kwake, nikatandika gunia, nikapaka majivu. Mama wa makamo aliyekuwa mkubwa wa jikoni akanishika mkono, akaniuliza nikichomwa atamwambia nini Balozi. Nikamjibu amwambie nimechomwa. Akakataa, na wenzangu wakakaa upande wake. Tukangoja. Tuliwamwagia maji, tukawafunika kwa majani ya mgomba, tukahamisha karai kivulini kila kivuli kilipohama.

Mkutano ulichelewa. Alipofika, watu walikuwa wameshaswali alasiri, na ngogo walikuwa wameshaharibika. Hakuhitaji kuambiwa, alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akajua. Walionichoma ni wenye msiba. Yule mjane alikuwa ameinama anachambua maharage, haraka haraka, machozi yanamdondokea kwenye ungo. Nikasimama mbele ya kila mtu.

"Balozi, siku usipokuwepo, sie tule nini?"

"Mtakula maharage," akasema. "Maharage hayana miiba."

Nilimwona katili. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba mie na Balozi basi. Kesho yake mchana akaja kwangu. Hakupiga hodi kubwa kama kawaida yake, alisimama tu mpaka nikamwona. Nikampa kigoda, akakaa, akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya goti. Nilikuwa nimeshauona mkono ule mara elfu, na kidole chake cha shahada kisichokunjika, nikadhani amezaliwa nacho. Akaniambia alikuwa na mdogo wake wa kike, wakitengeneza ngogo pamoja kando ya mto. Siku ileile moja walichomwa wote wawili, yeye kidoleni, mdogo wake kiganjani, kitundu kidogo cha kuchekesha. Wakacheka kweli. Yeye kidole kikavimba, kikapona kimekakamaa. Mdogo wake alikaa siku kadhaa mzima, anapika, anaimba, kisha taya likakaza, kisha mgongo ukapinda. Balozi ndiye aliyemkabidhi ngogo yule. Ndiye aliyemwambia, haya, shika na wewe, umekua.

Alipomaliza akasimama, akajifunga khanga vizuri. Nilimhurumia sana, nami bado nilikuwa na hasira ya yale maharage, vyote viwili kwa pamoja, na sikujua mtu anafanyaje na moyo wa namna hiyo. Nikamwuliza tu, "Sasa ndiyo tusishike milele?" Akasema, "Nikiwa hai, hamtoboki." Akaondoka.

Baada ya hapo nilipunguza kumwomba, lakini sikuacha kutaka. Watu hawaachi kutaka kwa sababu wameelezwa. Nilikaa kwenye mstari wa kutoa utumbo na macho yangu yako kwenye vidole vyake. Na kwa kuwa nilikuwa natazama sana, mie ndiye niliyeanza kuona kwamba mambo yanabadilika. Alikosa mzizi wa mwiba mara ya kwanza, akabana tena. Plaizi ikamdondoka. Alikuwa akitembea na kandambili moja na nyingine imebaki nyuma njiani hajui. Zahanati wakamwambia ni sukari. Akakasirika kwa sababu sukari yenyewe, alisema, tumeipata kwa mgao miezi yote hiyo, sasa yeye ameila lini. Tulicheka mpaka na muuguzi akacheka.

Mwisho mwanawe wa kiume akaja kumchukua kwenda Chamazi, ambako kulikuwa mashamba tupu wakati huo, mihogo na minazi michache na nyumba za mbalimbali. Ubalozi ukapewa mtu mwingine, mwanamume mpole, mzuri, ambaye hakumjua ngogo wala perege. Lori likaendelea kupita barabara ya Kilwa. Likishusha ngogo, watu wa nyumba zetu kumi hawakununua. Ni kweli hii. Samaki walinunuliwa na mitaa mingine na sie tukapita tumebeba mchicha, kwa sababu Balozi amesema akiwa hai hatutoboki, na Balozi alikuwa hai.

Ndipo nilipopata salamu kutoka Chamazi, kwa mtu aliyeleta mihogo: Balozi anauliza kama lori limekufa, na kama halijafa nimletee ngogo. Nikanunua wanaojaa ndoo ndogo, nikawafunika kwa gunia lililolowa, nikapanda gari la mihogo lililokuwa linarudi, sehemu nyingine nikatembea. Nilimkuta ameketi mkekani nyuma ya nyumba, amepungua, lakini sauti ni ileile ya tangazo. Shikamoo Balozi. Marahaba, wa Lindi, hujaniletea yule mdudu wenu? Nikamwambia pweza yuko njiani. Akacheka sana, akaniuliza habari za kila nyumba kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya kumi, na alipomaliza akaniuliza habari za mchuuzi. Nikamwambia mzima, na bado anatazama paa. Akasema nimpelekee salamu, kisha akasema hapana, kisha akasema mpelekee.

Mkamwana wake alikuwa ameshaandaa kila kitu: ubao, majivu, plaizi. Balozi akapaka mikono, akalaza ngogo wa kwanza, akarudisha gunia. Mkono wa kushoto ukaja kwa chini. Mgongoni, kra. Wa huku, kra. Wa kule. Nilifarijika, nikajisemea bibi huyu atatuzika sote. Akamtengeneza wa pili huku ananisimulia fitina za Chamazi, kwamba hapa hakuna hata wa kugombana naye, watu wanakaa mbali, mpaka umfikie mtu hasira imeshakwisha. Akamshika wa tatu. Alikuwa anaongea, ananitazama mie usoni, anacheka.

Nikaona damu kwenye gunia. Nikadhani ya samaki, kisha nikakumbuka samaki hajachanwa. Ilikuwa inashuka kwenye kiganja chake cha kushoto, inapita kwenye kifundo, inadondoka. Mwiba wa ubavuni ulikuwa umezama wote chini ya dole gumba, mpaka mzizini, na yeye alikuwa anaendelea kukaza mkono, anaendelea kuongea.

"Balozi," nikasema, "umechomwa."

"Wapi?"

Nilinyoosha kidole tu. Akauinua mkono wake, na ngogo akainuka nao, ananing'inia. Akautazama muda. Uso wake sijauona hivyo kabla wala baadaye. Alikuwa anautazama mkono ule kama wa mtu mwingine aliyeketi jirani yake. Hakulia. Mie ndiye niliyelia, nikiwa nakata mwiba kwa plaizi ili samaki atoke, kisha nikauvuta mwiba wenyewe taratibu kwa njia ulioingilia. Nikamwambia mkamwana alete maji ya moto. Yalipokuja nikatia kiwiko changu kwanza, nikaongeza ya baridi, nikatia tena, kwa sababu mkono ule ungeungua kimya bila kumwambia mwenyewe. Nikauosha, nikaufunga kwa kitambaa safi. Mwanawe nikamtuma akaazime baiskeli ya kumpelekea zahanati, na nikasema mapema, mbele yake, kwamba leo hakuna mkutano wa tawi. Akatikisa kichwa kukubali.

Tukakaa tunangoja baiskeli. Jua lilikuwa kali. Kwenye ndoo walikuwa wamebaki ngogo wengine, mmoja akakoroma.

"Wataharibika," akasema.

"Waache waharibike, Balozi."

Akauweka mguu wake kwenye ubao, akausukuma kwangu, pamoja na gunia na plaizi juu yake.

"Haya," akasema. "Tengeneza wewe."

Miaka yote nilikuwa nimelingoja neno hilo, na lilipokuja sikulitaka. Ningefurahi kulirudisha. Lakini nilipaka majivu. Nikalaza gunia, nikamtoa wa kwanza, mkono wa kushoto ukaja kwa chini, na mikono yangu ilikuwa inajua. Nilianza mgongoni. Balozi alikuwa amegeuza uso upande wa mihogo, hakuweza kutazama. Kila mwiba ulipovunjika nilimsikia akivuta pumzi. Nikaanza kuitaja kwa sauti ili asihangaike, mmoja, wa pili, wa tatu, nikimaliza mmoja namwambia huyu amekwisha, nachukua mwingine. Nilikwenda polepole kuliko alivyokwenda yeye. Ndoo ikabaki maji matupu.

"Wamekwisha," nikasema.

Ndipo akageuka. "Lete mikono."

Nikanawa mikono, nikampa. Akaishika na ule wake mmoja usiofungwa, na kwa kuwa vidole vyake havikumwambia kitu, akaisogeza karibu kabisa na macho. Akakagua kidole kimoja kimoja, juu na chini, katikati ya vidole, kwenye kucha, akarudia cha shahada. Akageuza viganja. Alichukua muda mrefu, na mie sikumharakisha.

"Hawajakupata," akasema.

"Hawajanipata, Balozi."

"Lori likija, washikishe wenzio. Wote. Usiwanyime kama nilivyowanyima mie."

Nikamwambia sitawanyima. Baiskeli ikaja, mwanawe akaiegemeza ukutani, akamwita mama twende. Balozi alimsikia, lakini bado alikuwa ameshika mikono yangu, anaikagua upya kuanzia kidole cha kwanza.